Njia Nyekundu ya Bwawani

Zakayo, mume wa dada yangu Rebeka, alizikwa Jumamosi nyumbani kwake upande wa Butere, na mimi nilikuwa nimefika tangu Jumatano, jambo ambalo si kawaida yangu. Wanaonijua wanajua kwamba mimi huenda matangani asubuhi ya maziko, nikala kidogo, nikarudi. Sipendi vipaza sauti, na uzee umeninyima subira ya kusikiliza marehemu akisifiwa kwa mambo ambayo hakuyafanya. Safari hii nilikaa siku zote. Nililala chumba kimoja na dada yangu, nikachambua mboga na wajukuu wake, nikasikiliza. Wajukuu walikuwa wakisimuliana vituko vya kuka wao, maana ndivyo walivyomwita babu yao, na walichokipenda kuliko vyote ni kikohozi chake. Zakayo hakuweza kukata kona bila kukohoa. Awe anatoka nyuma ya nyumba, awe anaingia jikoni, awe anapita kwenye mahindi yaliyomzidi kimo, alikohoa kwanza mara mbili, akasimama kidogo, ndipo akatokea. Mjukuu mmoja alijificha nyuma ya tangi la maji akamwigiza, na wote wakacheka mpaka mboga zikamwagika. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Nilicheka huku nikijua kikohozi kile kilianzia wapi, na kwa kosa la nani.

Kilianzia bwawani, mwaka wa Uhuru, nilipokuwa na miaka kumi na tisa na nikijiona mtu mwenye akili kuliko wote waliozaliwa kabla yangu. Nilikuwa nimemaliza shule, nikingoja nafasi ya kusomea ualimu, na nilipata kazi ya muda katika kambi moja ndani ya msitu wa Kakamega. Leo ukiuliza kambi hiyo hakuna wa kukuonyesha, msitu umeirudisha. Wazungu waliokuja kupumzika pale waliyaita maji yale ziwa. Sisi tuliyaita bwawa, kwa sababu wazee wetu waliyaona yakitengenezwa. Wachimba dhahabu walizuia kijito ili wapate maji ya kuoshea mchanga wao, dhahabu ikawapiga chenga, wakaenda zao, na maji yakabaki. Kandokando yake palikuwa na mahema sita, jiko la mabati, gati dogo la mbao na mtumbwi mmoja uliovuja. Mwenye kuisimamia kambi alikuwa Mzungu mzee wa misitu, tuliyemwita Bwana Fimbo kwa sababu hata ndani ya nyumba alitembea na fimbo. Chumba changu kilikuwa kipande cha stoo ya mahema, kimetengwa kwa turubai. Kilinuka mafuta ya taa, rangi na kitambaa kilicholowa. Kila alasiri mvua ilipiga mabati kwa saa nzima, nami nikalala kitandani nikisoma magazeti ya zamani yaliyoletwa kufungia vyombo, na nilidhani hayo ndiyo maisha.

Kazi zangu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kuandika wageni kitabuni: jina, atokako, na njia aliyochagua kutembea. Ya pili ni zile njia zenyewe. Zilikuwa tatu, zote fupi, na nilipofika zilikuwa zimekatwa lakini hazina alama. Bwana Fimbo alinipa makopo ya rangi na vigingi vya mbao, nikavipaka na kuvisimika kwa mkono wangu. Nyeupe ilipanda kilimani mahali pa kuwatazamia mbega. Manjano ilifuata kijito. Nyekundu ilizunguka bwawa zima na kukurudisha gatini kwa dakika ishirini na tano hivi, kama hukusimama kutazama hondohondo. Niliipenda nyekundu kuliko zote, na nilikuwa nikiitembea peke yangu asubuhi nikihesabu vigingi vyangu. Watu wa kwetu hawakuielewa hata moja. Kwetu mtu aliingia msituni kutafuta kuni, uyoga, dawa au ng'ombe aliyepotea, na aliyetoka mikono mitupu alihurumiwa. Mama alipokuja kuniona mara ya kwanza, aliuliza kwa lugha yetu, "Hao wageni wanakwenda kuchukua nini huko?" Nikamwambia hawachukui kitu, wanatembea tu. "Halafu?" Halafu wanarudi pale walipoanzia. Alinitazama muda mrefu, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso kuona kama nina homa. Nilikasirika. Sasa natamani kukumbuka kiganja kile kilikuwa na joto gani.

Nimetaja kosa, na haliwezi kueleweka bila jambo moja la desturi. Kwetu, mama mkwe na mume wa binti yake hawakaribiani. Hawashikani mkono, hawali mmoja mbele ya mwingine, na wakikutana njiani mmoja hutoka njiani, akageuza uso, mpaka mwenzake apite. Vijana wa leo hudhani ni chuki. Ilikuwa heshima, na sijaona heshima nzito kama ile aliyokuwa nayo Mama kwa Zakayo. Zakayo alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali mjini, na yeye na Rebeka waliishi nyumba ya vyumba viwili mtaani Amalemba. Mama hakuwahi kuingia nyumba ile. Alifika mpaka kwenye ua wa jirani, akaketi, akatuma kuku na ndizi kupitia kwangu. Kila alipompikia alitenga imondo, ile firigisi ambayo kwetu hupewa mwanamume anayeheshimiwa, akaifunika kwa jani juu ya mnofu. Nilipeleka sahani, nikarudisha sahani. Mama alinitazama usoni kabla sijaketi, akauliza, "Alikula?" Nikisema alikula, alitabasamu na kuanza kula yeye. Mwaka ule Rebeka alijifungua mtoto wa kwanza, Yona, na Mama alimshika mjukuu wake uani kwa jirani, juani, kwa sababu nyumbani kwa mtoto hangeweza kuingia.

Hilo liliniuma, na sitajifanya kwamba halikuniuma. Lakini lilichanganyika na kitu kingine. Tulikuwa tumeshapata Madaraka, bendera ilikuwa inangojewa, na kila mtu mwenye vitabu viwili kichwani alikuwa na orodha ya mambo ambayo lazima yaishe. Kwenye orodha yangu la kwanza lilikuwa sahani. Nilikuwa nimechoka kubeba sahani kati ya watu wawili waliopendana na ambao, kwa mawazo yangu, walihitaji kugongana mara moja tu, waambiane habari za siku, na mambo yote yaishe. Niliwaza hivyo majuma mengi, nikipaka vigingi. Nilijiona nikimfungulia Mama mlango wa nyumba ya Amalemba. Sikumwuliza Mama kama anataka kufunguliwa.

Katika miezi ile kati ya Madaraka na Uhuru, Bwana Fimbo aliambiwa na wakubwa wake kwamba kambi iwe ya watu wote. Aliitikia kwa kichwa, akavunja sigara yake katikati bila kuiwasha, na Jumapili iliyofuata tukafungua. Walikuja makarani na wake zao, walimu wachache, wafanyabiashara wawili kutoka Mumias na kanzu zao safi, na akina mama kadhaa waliokuja kuona Wazungu wanaficha nini. Zakayo alimleta Rebeka kwa baiskeli, mtoto mgongoni kwa mama yake. Alikuwa amevaa viatu vyeusi vya ofisini, amevipiga rangi mpaka vikang'aa, kuja kutembea msituni. Mama naye alitoka nyumbani asubuhi sana kwa miguu, na kikapu chenye kuku aliyekwisha kuchemshwa na bonge la obusuma, ugali wetu, lililofungwa kwa majani ya mgomba. Alipoona baiskeli ya Zakayo imeegemezwa kwenye mti, hakuuliza kitu. Alizunguka moja kwa moja nyuma ya jiko, akavuta kigoda, akakigeuza kielekee ukutani, akaketi akilipa gati mgongo.

Nilipeleka sahani. Zakayo alikuwa ameketi kwenye benchi la kibanda cha wageni, umbali wa hatua thelathini hivi, na kati yao palikuwa na ukuta mmoja tu wa mabati. Alisikika akila. Alisikika akimwambia Rebeka, kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyohitajika, "Hii kuku imepikwa na mtu anajua kupika. Mwambie asante sana." Nyuma ya ukuta Mama aliinamisha kichwa, akacheka kimya, mabega yakitikisika. "Amekula imondo?" akaninong'oneza. Nikamwambia amekula. Nakumbuka mwanga ulivyokuwa ukipenya kwenye matundu ya misumari na kuangukia leso yake, na moshi, na harufu ya majani ya mgomba yaliyopashwa moto. Nikiulizwa leo lini niliwaona wale wawili wakiwa karibu kabisa, nitasema ni pale, na mabati katikati. Lakini siku ile niliona mabati tu.

Baada ya chakula Mama alisema angependa kuiona hiyo njia ya kwenda na kurudi. Nilimpeleka mkono wa kushoto wa gati, penye kigingi chekundu cha kwanza, nikamwambia afuate rangi, hawezi kupotea. "Na nisichukue kitu?" akauliza. Nikamwambia sheria ni kutochukua kitu. Akaenda polepole, akigusa kila kigingi kana kwamba anakisalimu. Nilingoja akate kona. Kisha nikarudi kibandani, Rebeka akiwa anamnyonyesha Yona, nikamwambia Zakayo kwamba njia nyekundu ni nzuri saa hizi, mvua haijaanza.

"Mulamwa," aliniambia, maana ndivyo shemeji wanavyoitana kwetu, "Mama ako wapi? Nisije nikamsumbua."

"Ako jikoni," nilisema. "Anaosha vyombo. Wewe enda tu, na uanzie upande wa kulia. Njia ni tupu."

Nilisema hivyo. Nimeyarudia maneno hayo kichwani maisha yangu yote na hayajawahi kuwa mengine. Anayeanzia kushoto na anayeanzia kulia lazima wakutane, na nilijua watakutana wapi. Ni upande wa pili wa bwawa, mahali njia inapokuwa nyembamba, mteremko wa miiba mkono mmoja na maji mkono wa pili, baada tu ya kona. Bwana Fimbo alikuwa ameniambia kwamba ukingo ule una mashimo ya wale wachimba dhahabu, yamefunikwa na majani, na ndiyo maana tuliweka vigingi karibukaribu, watu wasitoke njiani. Sikufikiria mashimo. Nilifikiria kwamba pale ni pembamba, na Mama hatapata pa kukimbilia.

Yaliyofuata sikuyaona. Niliyasikia kwa Zakayo, aliyeyasema mara moja tu. Alikata kona akiwa anatazama ndege juu, na Mama akawa mbele yake, hatua tano. Mama alikuwa amevunja sheria yangu. Alikuwa na uyoga ndani ya ncha ya leso. Hakupiga kelele. Aliuweka uyoga juu ya kisiki kando ya njia, akaupanga usibiringike, akageuza uso, akatoka njiani upande wa maji, ndani ya matete, akasimama akimpa mgongo ili apite. Ardhi ikaachia. Alizama mpaka kifuani, akashika mzizi. Zakayo alipiga magoti na kumnyooshea mkono, na Mama akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeomba chumvi, "La, baba. Usinishike. Niitie Selina." Alikuwa amesimama juu ya kitu chini ya maji. Alikuwa akiongea. Zakayo aliuliza mara ya pili, na mara ya pili akaambiwa vilevile. Basi alikimbia kuniita.

Wajukuu wake wanaosoma vyuo vikuu wataniuliza kwa nini hakumvuta tu. Ni rahisi kuuliza. Mtu uliyemheshimu kuliko mama yako mzazi anakuomba jambo moja, hana hofu, na jambo lenyewe liko dakika chache tu mbele yako. Kumshika kungekuwa kumvua nguo mbele ya watu. Zakayo alifanya alichoombwa. Nilimwona akitokea upande wa kulia wa gati, viatu vyeusi vimejaa tope, akasema, "Selina, Mama ako kwa maji. Kuja na wanawake." Tulikimbia, mimi na wanawake watatu waliokuwa wakiosha vyombo, na yeye nyuma yetu, kwa sababu hata wakati ule hakutaka kutangulia. Tulipofika maji yalikuwa yametulia. Mzizi ulikuwa pale, umechubuka. Uyoga ulikuwa juu ya kisiki. Wanawake walianza kuita jina la Mama, na Zakayo akatupita, akaingia na viatu vyake, akazama, akaibuka, akazama tena. Mara ya tatu aliibuka naye.

Alimbeba mgongoni nusu ya njia iliyobaki, akipita kila kigingi nilichokipaka, bila kuruhusu mtu ampokee. Rebeka alikuwa amesimama gatini na mtoto. Aliniambia baadaye kwamba alipotuona tukija, mama yake mgongoni kwa mume wake, kwa muda mfupi sana alifurahi, akadhani wamesalimiana. Nikikumbuka siku ile, hapo ndipo ninaposhindwa kuendelea, na ninapoandika haya nimeinuka mara mbili kwenda kufanya mambo yasiyo na maana jikoni.

Wazee walikaa kikao baada ya maziko ya Mama, kwa sababu mkwe alikuwa amemgusa mama mkwe na ilibidi kondoo wa utakaso atafutwe. Nilikuwa nyuma ya mlango na birika la chai. Mzee mmoja alimwuliza Zakayo, "Wewe, uliingia hiyo njia bila kuuliza kama iko na mtu?" Nilisimama pale na birika likiniunguza goti. Zakayo alikuwa ameketi akiuelekea mlango, na nadhani aliona kivuli changu chini yake. Alisema, "Sikuuliza mtu." Mzee akarudia, "Hakuna mtu alikuambia?" Akajibu, "Hapana, mzee. Ni mimi tu nilienda." Niliingia na chai. Nikamimina kikombe chake, akakipokea kwa mikono miwili, akasema asante mulamwa. Sikusema kitu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na niliogopa, na kwa miaka mingi hiyo ilinitosha kuwa sababu. Lakini baadaye niliacha kuwa na miaka kumi na tisa.

Bendera ilipopanda sikwenda uwanjani. Nilisikia ngoma kutoka mbali nikiwa stoo, nikikunja mahema, kwa sababu kambi ilikuwa imefungwa, naye Bwana Fimbo alikuwa akifunga mizigo yake. Alinitaka ning'oe vigingi vyekundu. Niliving'oa vyote, vingine kwa jembe, na cha ukingo ule wa mashimo nilikaa nacho mapajani mpaka mvua ikaanza. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata nilikwenda kusomea ualimu, na nikafundisha miaka mingi, mbali na nyumbani kwa makusudi. Wanafunzi wangu watakuambia nilikuwa mkali sana kwa watoto waliosema uongo.

Nilijua kilichokuwa kikiendelea Amalemba. Likizo moja nilikuwa nimelala pale, Yona akiwa ameshaanza shule, na nilikuwa nikinywa chai ya asubuhi sebuleni na kipande cha muhogo. Chumbani Rebeka na Zakayo walikuwa wakigombana kuhusu jambo dogo, nadhani ni shati. Pazia lilikuwa jembamba. Nilisikia dada yangu akisema, bila kupandisha sauti, "Wewe ndiye uliona mama yangu akizama ukakimbia. Utaniambia nini wewe?" Zakayo hakujibu. Nilimsikia akivaa viatu. Alikohoa mara mbili kabla ya kufungua pazia, ili nijue anatoka, nijipange. Akapita, akaniambia, "Kula muhogo, mulamwa, itapoa," akaenda kuketi nje kwenye baiskeli yake. Nilikula muhogo. Hilo ndilo nililofanya. Bwawani nilikuwa mjinga, na mjinga anaweza kusamehewa. Asubuhi ile Amalemba nilikuwa mtu mzima, nina akili zangu, na nilimaliza chai.

Nilimtembelea Zakayo hospitalini miezi miwili kabla hajafa. Nilikuwa nimejiandaa. Nilisema, "Zakayo, siku ile bwawani..." akaniwekea mkono juu ya wangu. Mikono yake ilikuwa imebaki mifupa. "Ulikuwa mtoto," alisema. Nikamwambia sikuwa mtoto. Akafikiri kidogo. "Basi ulikuwa mtoto kwangu," akasema, kisha akauliza kama mvua imenyesha huko kwangu. Nilitoka pale nikiwa mwepesi, na nikafurahia ule wepesi, mpaka niliposhuka ngazi nikakumbuka kwamba kuna mtu mwingine wa kuambiwa, dada yangu, na huyo hajawahi kunikataza kusema.

Siku ya tatu baada ya maziko ni siku ya kunyolewa. Ndugu hunyolewa nywele, kisha mzee wa ukoo huketisha watu uani na kuuliza kama kuna mwenye neno na marehemu, alitoe sasa, maana baada ya hapo hakuna. Tuliketi chini ya turubai lililoachwa na watu wa maziko. Watu wawili watatu walisema mambo yao madogo. Mzee akauliza tena, na dada yangu akashika mkongojo wake akasimama. Kichwa chake kipya kilikuwa kidogo, na masikio yake yalikuwa masikio ya Mama.

"Mimi niko na neno," alisema. "Huyu mzee aliniachia mama yangu kwa maji. Nilikuwa nikimwambianga hivyo, miaka mingi, nikiwa na hasira. Na yeye hakuwahi kunijibu. Alikuwa ananyamaza, anavaa viatu, anatoka. Sasa ameenda, na sitaki aende na hiyo kitu. Nimemsamehe."

Watu waliguna kwa kuridhika. Mtu akamwambia asante, mama. Mzee alikuwa ameshafungua kinywa afunge kikao kwa maombi. Yona, mtoto yule wa gatini, sasa mzee mwenye mvi, alimshika mama yake kiwiko ili akae. Niliona kwamba nikikaa kimya, Zakayo atasamehewa mbele ya watu wote kwa jambo nililolifanya mimi, na mimi nitakula chakula cha mchana na kurudi kwangu. Nilisimama. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga kwa miaka, mazuri, ya mwalimu. Hayakuja. Nilisema, "Zakayo aliuliza. Aliniuliza mimi kama Mama yuko njiani, nikamwambia yuko jikoni. Nilijua yuko njiani. Nilitaka wakutane."

"Ulijua?" mzee akauliza.

"Nilijua."

Hakuna aliyeguna. Mzee alitazama chini, akafunga kikao kwa maombi mafupi, na watu wakaanza kuinuka bila kunitazama, wakizungumza habari za magari.

Rebeka alikuwa ameingia sebuleni. Nilimkuta ameketi peke yake mezani, picha ya Zakayo ikiwa bado imeegemezwa ukutani na shada lake la karatasi. Niliketi upande wa pili. Alikuwa akipapasa kichwa chake kilichonyolewa, mbele nyuma, mbele nyuma. Kisha akasema, "Kumbe alikuwa anakuficha wewe." Akaendelea, "Mimi nilidhani ananidharau. Kila siku akinyamaza, nilidhani ni mimi hanioni mtu wa kujibiwa." Nikasema, "Dada." Akainua kiganja kidogo kunizuia, si kwa ukali. Hakulia. Ningemshukuru kama angelia au angenitukana.

Mjukuu aliingia na sahani mbili za obusuma na kuku, akaziweka mezani, akatoka haraka. Ndipo Rebeka akasimama, akashika mgongo wa kiti chake, akakigeuza polepole kikaelekea ukutani, akaketi akinipa mgongo. Alikigeuza vile Mama alivyokigeuza kigoda chake nyuma ya jiko, bila hasira, kwa uangalifu wa mtu anayefanya jambo linalostahili kufanywa. Akajivutia sahani yake mapajani. Nilimsikia akila kidogo, nikamsikia akiacha. Nje watoto walikuwa wakikunja turubai. Mimi nilikaa na sahani yangu mbele yangu, sikuigusa, nikitazama kisogo chake kilichonyolewa.

"Umekula?" akauliza, bila kugeuka.

Nikamwambia nimekula.